Baiskeli za Safari Ndefu Migori na Homa Bay: Kutoka Springi za Kiti hadi Shokomzoba

Baiskeli iliyobeba watu na mizigo Migori na Homa Bay kwa miongo mingi haikuwa na shokomzoba hata moja. Ilikuwa ile nyeusi ya chuma, yenye breki za fito zinazoshuka kutoka kwenye usukani, ambayo Kenya nzima inaijua kwa jina la Black Mamba. Umbo lake lilitoka Uingereza, kwenye viwanda kama Raleigh cha Nottingham. Baadaye zikaenea za India, hasa Hero ya Ludhiana, kampuni iliyoanza mwaka 1956, na za China kama Phoenix. Mtengenezaji alibadilika, lakini umbo likabaki lile lile, na kwa njia za kaunti hizi mbili za Nyanza Kusini lilikuwa na maana yake.

Njia hizo ni ngumu kwa namna mbili. Kwenye vilima vya Gwassi na kuzunguka Mlima Homa kuna mawe na miinuko mikali. Bondeni Lambwe na sehemu za Ndhiwa kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka na kuacha mifereji migumu, na mvua ikinyesha hushika tairi hadi gurudumu linakwama chini ya madigadi. Mwendesha baiskeli aliyetoka Sori au Mbita na samaki kwenye keria alihitaji kitu cha kupunguza mitikisiko kwa saa nyingi mfululizo.

Black Mamba ilipunguza mitikisiko bila kifaa chochote cha ziada. Magurudumu yake ya inchi 28 ni makubwa, hivyo hayazami sana kwenye shimo dogo. Foki imepinda mbele kwa urefu usio wa kawaida, na chuma chake hunesa kidogo kila gurudumu linapogonga jiwe. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni mrefu, kwa hiyo mtikisiko wa nyuma hauji moja kwa moja chini ya kiti. Upepo ndani ya tairi, uvumbuzi ambao John Dunlop aliusajili mwaka 1888 akiwa Belfast, ulifanya sehemu kubwa ya kazi. Kilichobaki kilimalizwa na kiti cha ngozi kilichokaa juu ya springi nene za kuzunguka. Hizo ndizo zilizokuwa badala ya shokomzoba katika eneo hili, na zilikuwa chini ya mwendeshaji mwenyewe.

Mahali pa springi hizo ni jambo la kutiliwa maanani zaidi kuliko inavyodhaniwa. Biashara ya boda boda za baiskeli, iliyoanzia mpakani Busia katika miaka ya 1960 na kuenea miji ya Nyanza kufikia miaka ya 1990, iliweka uzito wote nyuma. Abiria au gunia likiwa kwenye keria, gurudumu la mbele huwa jepesi. Foki yenye springi ingemsaidia nani? Mafundi walishughulikia pale palipoumia. Keria iliongezewa vyuma vya kushikilia, juu yake sponji nene iliyoshonewa reksini, na mizigo ikafungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu, ambayo hunesa pamoja na mzigo badala ya kuukata. Pikipiki za bei nafuu zilipojaa nchini, hasa baada ya serikali kupunguza ushuru wake karibu na mwaka 2008, abiria walihama. Baiskeli ikabaki na maji, samaki, mahindi na safari za shule.

Wakati huo baiskeli za milimani zilikuwa zimeshafika, nyingi zikiwa za mitumba. Asili ya foki zao zinazobonyea ni Marekani, ambako Paul Turner alitoa foki ya RockShox RS-1 mwaka 1989. Foki bora ina vitu viwili: springi inayobonyea, na mafuta yanayoizuia isirudi kwa kasi. Za bei ya chini huwa na springi tupu. Vumbi likipita kwenye raba zake, chuma hukwaruzika, foki hukwama, na mwendeshaji hubaki na uzito bila faida. Akisimama kupanda kilima, foki inayobonyea humeza pia nguvu za miguu yake.

Wabunifu walijaribu njia nyingine. Alex Moulton alitumia raba kupunguza mitikisiko katika baiskeli yake ya magurudumu madogo mwaka 1962. Cannondale ilitoa Lefty mwaka 2000, foki ya mguu mmoja tu, upande wa kushoto. Trust Performance ikaleta foki ya mikono inayokunjika mwaka 2018, na haikuchukua muda mrefu kabla ya kufunga kazi. Zote zilifanya kazi vizuri. Shida ni kwamba Lefty inahitaji habu yake maalumu, na fundi wa Rongo au Oyugis hana pa kuitoa.

Uamuzi wenye uzito zaidi ulifanywa na F.K. Day, mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni iliyoinunua RockShox mwaka 2002. Yeye na Leah Missbach Day walianzisha World Bicycle Relief mwaka 2005, na shirika hilo likabuni baiskeli ya Buffalo, ambayo huunganishwa pia Kisumu. Mtu aliyekuwa na shokomzoba bora duniani mikononi mwake aliziacha zote. Buffalo ina foki ngumu ya chuma, tairi pana, uzito wa karibu kilo 23 na keria ya kubeba kilo 100.

Mashindano ya masafa marefu yamefuata mkondo huo. Katika Migration Gravel Race, yaliyoanza mwaka 2021 upande wa Maasai Mara, katika kaunti jirani ya Narok, baiskeli za changarawe hutegemea zaidi upana wa tairi na kiasi cha upepo kuliko foki inayobonyea. Kwa anayetaka kunesa zaidi, kuna nguzo ya kiti yenye springi ndani. Kazi yake ni ile ile ya springi za Black Mamba. Ikiharibika njiani kati ya Karungu na Migori, hutolewa na kuwekwa nguzo ya kawaida ya kipenyo hicho hicho, mara nyingi milimita 27.2.