Kiko cha Mti na Wazee wa Munanila

Wasikilizaji wetu, leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo, ambacho kimekaa katika vinywa vya wazee miaka mingi bila watu wengi kukiuliza asili yake. Kitu hicho ni kiko cha tumbaku. Tusidhaniwe kwamba twawashawishi vijana wavute. Tangu mwaka wa 1950 matabibu wa Uingereza na wa Marekani wameonyesha wazi jinsi moshi wa tumbaku unavyoleta saratani, na kiko hakikusamehewa katika hukumu hiyo. Sisi wenyewe hatuvuti. Habari yetu ni ya fundi na kazi yake, na ya kosa tulilolifundisha darasani miaka kadha wa kadha kabla ya kusahihishwa.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Katika chuo chetu cha ualimu, kila tulipofika katika habari za biashara ya zamani, tuliwaambia wanafunzi kwamba tumbaku ilitoka Marekani ikaletwa Afrika na wageni, na kwamba kiko nacho kilikuja pamoja nayo katika merikebu zile zile. Babu zetu waliiga tu. Kuhusu tumbaku tulisema kweli. Kabla ya Columbus kufika visiwa vya Marekani mwaka wa 1492, jani hilo halikujulikana Afrika wala Ulaya. Jina lake ni ushahidi: tumbaku ya Waswahili, na itabi ya Warundi, na tabaco ya Wareno, yote ni ndugu. Lakini habari ya kiko tuliisema kwa kubahatisha, na kubahatisha kwa mwalimu ni kubaya kuliko kwa mtu mwingine, maana huandikwa katika madaftari.

Ikawa mwaka mmoja wanafunzi wetu walitakiwa kuchonga vitu vya maonyesho ya kazi za mikono. Wengi walichagua miko, vigoda na vitana. Vijana watatu wakachagua kiko, nasi tukawasaidia kwa furaha. Walikata tawi nene la mninga, bichi bado, wakalichonga kwa tezo na patasi, wakatoboa bori, yaani pale panapotiwa tumbaku, kwa keekee. Njia ya moshi waliitoboa kwa waya uliotiwa motoni mpaka ukawa mwekundu. Kisha wakasugua kwa msasa. (Vijana wa leo hudhani msasa ni karatasi ya dukani tu, wazee wao walisugua kwa majani ya mti uitwao msasa, ambayo yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na karatasi ndiyo iliyorithi jina.) Mbele ya bori wakachonga kichwa cha simba mwenye manyoya, na mwisho wakapaka vanishi mara tatu. Kiko kikang'aa kama kiatu cha karani. Twakiri kwamba tulikiona kizuri sana, na tulikwisha kukitengea mahali katikati ya meza.

Mmoja wa vijana hao alikuwa mwenyeji wa Munanila. Mji huo uko katika nchi ya juu ya Buha, karibu na mpaka wa Burundi. Ulikuwa katika wilaya ya Kasulu mpaka ilipoanzishwa wilaya ya Buhigwe mwaka wa 2012. Wakati wa likizo tulifuatana naye, na kiko tukakichukua, tukitumaini, tuseme kweli, kusifiwa. Jioni baridi ilipoingia tulikaribishwa kwa babu yake, tukamkuta pamoja na wazee wenzake wawili karibu na moto. Tulisalimiana kwa kupiga makofi, kama ilivyo adabu ya Waha, kisha kijana akakitoa kiko na kumpa babu yake kwa mikono miwili.

Mzee alikigeuzageuza kimya. Akakinusa. Akaingiza kijiti ndani ya bori, akakitoa, akakitazama. Halafu akasema:

“Mjukuu wangu, simba huyu ni mzuri. Sasa niambie, bori likipata moto, mkono wangu niuweke wapi? Juu ya meno yake?”

Wazee wakacheka, nasi tukacheka nao, ijapokuwa si kwa moyo. Ndipo akaanza kuhesabu. Tundu la moshi, alisema, halikufika chini kabisa ya bori, bali limetokea juu kidogo. Basi majimaji ya tumbaku yatatuama pale chini, na majani ya mwisho hayatawaka kamwe. Vanishi itafanya povu kwa joto na kunuka. Mrija ni mfupi, moshi utafika ulimini ukiwa bado ni moto. Tena bori ni zito, na kiko chote huelemea mbele. “Kijana mwenye meno ataking'ata. Mimi nitakishikaje?” Mwisho akatuonyesha kwa ukucha ufa mwembamba kama unywele chini ya kidevu cha simba, ambao sisi hatukuuona. “Mmechonga mti mbichi, tena mmeacha moyo wake ndani. Mti wa namna hiyo lazima upasuke.”

Mzee wa pili, aliyekuwa kimya mpaka hapo, akauliza neno moja tu: “Mwalimu, chungu chake ki wapi?”

Hatukuelewa, akaona hatukuelewa. Akatueleza kwamba kiko walichokijua wao tangu utoto kilikuwa na bori la udongo uliochomwa, na mrija mrefu wa mti. Mti ni wa kupitisha moshi, udongo ndio wa kukaa na moto. Usiku ule tulilala tukilifikiri neno lile. Katika Kirundi na Kinyarwanda, lugha zilizo jirani mno na Kiha, kiko huitwa inkono y'itabi, maana yake chungu cha tumbaku. Hapa ndipo somo letu la miaka mingi lilipoanza kubomoka. Jina la jani ni la kigeni, lakini jina la chombo si la kigeni hata kidogo. Ni neno la mfinyanzi na la jikoni. Watu waliopokea jani walikuwa na vyungu vyao tayari, na akili ya kufinyanga kimoja kidogo.

Tuliporudi chuoni tulitafuta zaidi, tukapata habari iliyotuaibisha kabisa. Katika pango la Lalibela, nchi ya Ethiopia, walichimbuliwa viko vya udongo vyenye mabaki ya bangi, na wataalamu walikadiria kwamba ni vya karne ya 14. Bangi si kitu cha kusifiwa, lakini ushahidi ni ushahidi: Waafrika walikuwa wakivuta moshi kwa kiko kabla Columbus hajazaliwa. Tumbaku ilipofika ilikuta nyumba imekwisha jengwa.

Tena, tukiyatazama maneno ya yule mzee kwa utulivu, twaona kwamba manung'uniko ya wavutaji ndiyo yaliyokipa kiko maumbo yake. Nung'uniko kubwa lilikuwa moja kila mahali, nalo ni ukali wa moshi wa moto. Watu wa nchi ya juu walilijibu kwa kurefusha mrija. Watu wa pwani walilijibu kwa maji: kiko cha Waswahili kilikuwa na bori juu, kisha digali lililoshuka mpaka katika kifuu cha nazi chenye maji, kisha shilamu ya kupeleka moshi kinywani, na mlio wa maji yale ulikuwa na jina lake, malio ya kiko. Watu wa Ujiji, chini ya milima yetu hii hii, wengi wao walikwepa moto kabisa. Burton, Mwingereza aliyefika huko mwezi wa Februari mwaka wa 1858, na Cameron aliyemfuata mwaka wa 1874, wote wawili waliandika kwa mshangao kwamba wenyeji waliroweka tumbaku katika maji, wakayavuta maji yale puani, kisha wakaibana pua kwa kikoleo kidogo ili yasimwagike. Wageni walicheka kuona watu wakizungumza na vikoleo puani. Hakuna aliyeandika kwamba aliwauliza sababu.

Hata mashaka ya wazee juu ya mti hayakuwa ujinga. Wazungu nao walitumia viko vya udongo kwa karne nyingi, na kiko cha mti kinachojulikana sana leo kilienea kwao katikati ya karne ya 19 tu, mafundi wa Saint-Claude huko Ufaransa walipogundua kwamba kifundo cha mzizi wa kichaka kimoja cha milimani kinastahimili moto. Kichaka hicho hicho huota pia katika milima mirefu ya Afrika ya Mashariki. Na katika miaka ya 1950 jiwe jeupe jepesi, ambalo Wajerumani huliita povu la bahari, lilichimbwa upande wa Amboseli likachongwa viko vya kuuzwa ng'ambo. Vile vya Arusha vilipewa chapa ya neno letu lenyewe, Kiko.

Vijana wetu walitaka kuacha. Mmoja alisema waziwazi kwamba wazee hawapendi kitu kipya. Tulimjibu kwamba mzee hakukataa kiko, alikataa ufa; nasi tulirudi Munanila likizo iliyofuata tukiwa na kiko cha pili. Safari hii tulitumia nusu ya mchi wa zamani uliovunjika, mkavu kwa miaka mingi ya kutwanga, tukaupasua na kuutupa moyo wake. Ndani ya bori tulitia kikombe chembamba cha udongo, kilichofinyangwa na mama mmoja mfinyanzi ambaye alitutoza zaidi ya bei ya chungu kizima, akisema kidogo ni kigumu kuliko kikubwa. Tundu lilifika chini kabisa. Simba hakuwapo, wala vanishi.

Mzee alikivuta kwanza bila tumbaku, akisikiliza. Kisha akashindilia tumbaku, akachukua kaa kwa koleo, akavuta kimya mpaka yote ikaisha, akapindua majivu kiganjani na kuyatazama yalivyo makavu.

“Kinavuta,” akasema. “Mrija umepungua shibiri moja.”

Tulimwomba atupe kiko tukakirefushe, kisha kiende katika maonyesho. Hakutujibu, alikitia katika mfuko wa koti lake, akaanza kuuliza habari za mvua za huko tulikotoka. Kwa hiyo siku ya maonyesho ilipofika, katikati ya meza alikuwapo yule simba, amepasuka tangu kidevu mpaka utosini, na chini yake vijana walikuwa wameweka karatasi iliyoandikwa makosa yake yote kwa mpango aliouhesabu mzee.