Orodha Kabla ya Bei: Tarehe ya Minada ya Vitu vya Kale vya Gofu

Mtu akisikia kwamba fimbo kuukuu ya gofu imeuzwa mnadani kwa bei ya kununulia nyumba, husema upesi kwamba hayo ni mambo ya matajiri wasiojua pesa waziweke wapi. Jibu hilo linaeleweka, lakini tarehe ya biashara yenyewe hailiungi mkono. Ukiifuata tangu Scotland ya karne ya 18 mpaka minada ya intaneti ya leo, utaona kwamba pesa ndizo zilizofika mwisho. Waliotangulia ni watu wa daftari: mchapaji wa Edinburgh aliyekusanya sheria na mashairi yaliyosahauliwa, Mmarekani aliyeorodhesha vitabu wakati wachache tu waliona maana ya kuviorodhesha, fundi wa historia aliyesoma herufi 2 kwenye kichwa cha mbao. Hao ndio walioipa biashara hii thamani, na mnada umekuwa mahali ambapo kazi yao hupimwa hadharani. Hivyo ndivyo ninavyoisoma tarehe hii, na nitajaribu kuonyesha kwa nini, pamoja na kujibu wanaoona vingine.

Kwanza tuone jinsi vitu hivi vilivyokuwa adimu. Gofu imo katika maandishi ya Scotland tangu mwaka 1457, Bunge la Mfalme James wa Pili lilipoipiga marufuku pamoja na kandanda, kwa kuwa vijana waliacha kujifunza kulenga mishale. Lakini kutoka karne hizo za mwanzo karibu hakuna chochote cha kushika mkononi. Mpira wa zamani ulikuwa kifuko cha ngozi kilichoshonwa na kushindiliwa manyoya yaliyochemshwa, kiasi cha kujaza kofia. Ngozi ililoweshwa, ilipokauka ikanywea huku manyoya ndani yakitutumka, na mpira ukawa mgumu kama jiwe. Fundi hodari alimaliza mipira michache tu kwa siku, ndiyo maana ulikuwa ghali, na ukinyeshewa mvua ulilegea na kupasuka mishono. Mwaka 1848 ukaja mpira wa gata-pacha, utomvu mgumu wa miti ya Malaya, wa bei nafuu kabisa. Ile ya manyoya ikaachwa katika miaka michache, wala hakuna aliyeona haja ya kuiweka. Hata huo mpya haukusalimika, kwani ulipochakaa uliyeyushwa kwa maji ya moto ukafinyangwa upya. Kwa hiyo mpira wa manyoya wenye muhuri wa Gourlay wa Musselburgh au wa Allan Robertson wa St Andrews, na mpira laini wa gata-pacha wa miaka ya mwanzo, vyote vimetufikia kwa bahati: viliangukia nyuma ya kabati, au vilisahauliwa ndani ya sanduku. Hakuna aliyevihifadhi kwa sababu ya thamani yake, maana havikuwa tena na thamani.

Vitabu navyo vina kisa chao. Kitabu cha kwanza kilichoandikwa chote juu ya gofu ni utenzi wa mzaha wenye sehemu 3, The Goff, uliochapishwa Edinburgh mwaka 1743. Mtunzi wake, Thomas Mathison, alikuwa mtu wa kazi za sheria ambaye baadaye alikuja kuwa mchungaji. Ulichapwa tena mwaka 1763 na 1793, na nakala za toleo la kwanza zinazojulikana leo ni chache mno. Mkusanyaji asiyejali ushairi anaweza kuuona kuwa kijitabu chembamba tu. Lakini humo ndani fimbo ya mmoja wa wachezaji inasifiwa kuwa ni kazi ya Dickson wa Leith, fundi stadi wa fimbo. Sasa ruka mpaka Septemba 2007, New York, nyumba ya mnada ya Sotheby's ilipouza mkusanyo wa fimbo za kale wa Jeffery Ellis. Humo mlikuwa na fimbo ya mbao ya kusukumia mpira shimoni, ya karne ya 18, yenye kichwa kirefu chembamba kilichopigwa muhuri wa herufi mbili tu, A na D. Ilinunuliwa kwa dola 181,000. Herufi mbili hazijitoshelezi. Zinasomeka kuwa Andrew Dickson kwa sababu maandishi ya Scotland yanamtaja fundi wa jina hilo, na utenzi wa 1743 ni mmoja wa mashahidi. Kitabu kinaitolea fimbo ushahidi, na fimbo nayo inathibitisha kwamba mtunzi alimtaja fundi wa kweli. Ondoa kitabu, na kilichobaki ni kipande cha mti kilichochongwa vizuri na mtu asiyejulikana. Sioni mfano bora kuliko huo wa kuonyesha mnunuzi hulipia nini hasa.

Waliounganisha mashahidi wa namna hiyo walifanya kazi muda mrefu bila soko lolote. Robert Clark, mchapaji wa Edinburgh, alitoa mwaka 1875 kitabu Golf: A Royal and Ancient Game, akakusanya humo sheria za kale za bunge, kumbukumbu za klabu na tenzi, pamoja na ule wa Mathison. Kwa wasomaji wengi wa wakati ule hiyo ndiyo iliyokuwa mara yao ya kwanza kuusoma. Leo kitabu cha Clark chenyewe kinatafutwa minadani, na kinastahili. Kitabu cha kwanza cha mafunzo ya mchezo, The Golfer's Manual cha mwaka 1857, kilitoka Cupar kwa jina la kujificha, na ni watafiti walioweka wazi kwamba mwandishi alikuwa Henry Farnie, yule yule aliyekwenda London kuandika maneno ya michezo ya kuimba ya jukwaani. Lakini mtu niliyempa nafasi kubwa zaidi katika tarehe hii ni Joseph Murdoch wa Pennsylvania. Mwaka 1968 alichapisha The Library of Golf, orodha ya vitabu vya gofu kuanzia 1743 mpaka 1966. Kabla yake, muuza vitabu aliyekutana na kitabu cha gofu hakuwa na njia rahisi ya kujua kama ni cha kawaida au ni cha pekee, toleo la kwanza au la tatu. Baada yake alikuwa na namba na mwaka. Mwaka 1970 Murdoch na Robert Kuntz wakaanzisha chama cha wakusanyaji wa gofu Marekani. Uingereza ikapata chake mwaka 1987. Na mwaka 1988 Murdoch pamoja na Richard Donovan wakatoa orodha pana zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika gofu daftari lilitangulia, na kwa msaada wake vitu vilivyokuwa takataka za darini vikawa mali.

Tazama sasa mfuatano wa miaka. Ni katika miaka ya 1980, baada ya orodha ya Murdoch kuenea na wakusanyaji kujuana, ndipo Phillips, Sotheby's na Christie's zilipoanza kuipa gofu minada yake yenyewe, mara nyingi mwezi Julai, mashindano ya Open yanapowakusanya wapenzi wa mchezo Uingereza. Makabrasha ya minada hiyo, yenye picha, vipimo na maelezo ya nani alikimiliki kitu na lini, yakawa nayo ni vitabu vya rejea. Mnadi aliyeandika kwamba kitabu kimeshonwa upya, au kwamba mpini umebadilishwa, aliacha maandishi ambayo mnunuzi wa miaka 20 baadaye angeweza kuyarejea. Na maelezo hayo yana kazi. Nakala ya The Goff iliyoigwa na chama cha gofu cha Marekani mwaka 1981 ni kitabu kizuri, lakini asiyejua kutazama karatasi anaweza kuuziwa kwa maneno ya juu juu. Karatasi ya 1743 ilitengenezwa kwa mkono kutokana na matambara. Ukiiinua kwenye mwanga unaona mistari ya waya za chekeche. Kabrasha la mnada linalojiheshimu hulisema hilo kabla mtu hajataja bei.

Pingamizi la kwanza ni zito: je, si umaarufu tu unaopandisha bei? Mwaka 1927 Bobby Jones, akiwa bado mchezaji kijana, alitoa na O. B. Keeler kitabu Down the Fairway, na nakala 300 zikatiwa namba na saini za wote wawili. Hizo hugombaniwa, na kinachogombaniwa ni jina la Jones. Mfano mkubwa zaidi ni fimbo za chuma zilizouzwa kuwa ndizo Tiger Woods alizotumia alipotwaa mataji makuu 4 mfululizo mwaka 2000 na 2001. Mwezi Aprili 2022 zilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 5. Nakubali kwamba bila Woods zisingefika hata elfu 5. Lakini fimbo hizo hizo ziliwahi kuuzwa mnadani mwaka 2010 kwa dola 57,242. Woods alikuwa ameshashinda mataji yote yaliyozipa jina, na duniani hakukuwa na mchezaji anayejulikana kumshinda. Umaarufu ulikuwapo, imani haikuwapo, maana upande wa Woods ulipinga hadharani ukisema fimbo za kweli anazo mwenyewe. Mnada wa pili uliziweka mbele ya wanunuzi pamoja na viapo vya maandishi vya mtu aliyezipokea akiwa kazini katika kampuni iliyozitengeneza, na hata majibu ya kipimo cha kugundua uongo. Ni kweli pia kwamba miaka ile ya korona bei za vitu vya michezo yote zilipaa, na Woods alikuwa ameshinda tena mashindano ya Masters mwaka 2019, kwa hiyo siwezi kuiweka tofauti yote kwenye karatasi. Ila hakuna aliye tayari kutoa mamilioni kwa jina lisilo na viapo.

Makoti ya kijani ya Augusta, klabu inayoandaa Masters, yanafundisha zaidi, kwa kuwa hapo ushahidi haukugombania uhalisi wa kitu tu, uligombania pia haki ya kukiuza. Bingwa wa Masters huruhusiwa kukaa na koti lake mwaka mmoja, kisha koti hubaki klabuni. Desturi ya kumvika bingwa ilianza mwaka 1949, na mabingwa wa nyuma nao wakapewa. Koti la Horton Smith, mshindi wa kwanza wa mwaka 1934, lilikaa kabatini kwa jamaa zake miaka mingi, na mwaka 2013 likauzwa kwa zaidi ya dola 682,000. Koti jingine lilinunuliwa kwa dola 5 mwaka 1994 katika duka la mitumba Toronto. Mwaka 2017 lilifika dola 139,000 na zaidi kidogo, ingawa kipande chenye jina la mwenyewe kilikuwa kimekatwa. Linganisha hayo mawili: kitambaa kile kile, rangi ile ile, klabu ile ile, na kinachotenganisha bei zao ni jina linaloweza kuthibitishwa. Mwaka huo huo Augusta ikaenda mahakamani kuzuia mnada mwingine wa makoti, ikidai kwamba ni mali yake siku zote. Wako wanaoliona dai hilo kuwa uonevu kwa warithi. Mimi naliona kuwa na msingi. Bila mnada kutangaza kwa maandishi nini kinauzwa, kesi hiyo isingekuwa na pa kuanzia.

Pingamizi la pili linaniumiza zaidi: kwamba mnada huzitoa kumbukumbu za watu wote na kuzifungia nyumbani kwa tajiri mmoja. Hutokea, na hakuna dawa yake kamili. Kuna vitu ambavyo nyumba ya makumbusho ndiyo mahali pake. Fimbo 8 zinazojulikana kama fimbo za Troon, 6 za mbao na 2 za chuma, zilikutwa ndani ya kabati lililozibwa katika nyumba moja ya Hull, pamoja na gazeti la mwaka 1741, na leo umma unaweza kuzitazama. Ningesikitika sana zingetawanywa moja moja. Hata hivyo, fimbo ya Dickson ilikuwa mikononi mwa mtu binafsi, Ellis, aliyeichunguza na kuiandika katika vitabu vyake kabla ya kuiuza, na wengi tunaifahamu kwa sababu hiyo. Wengine husema kabrasha la mnada haliaminiki kwa kuwa limeandikwa na anayetaka kuuza. Ni hoja ya haki. Jibu langu ni kwamba linachapishwa kabla ya mauzo, na wapinzani, warithi, klabu na watafiti wote hulisoma kwa jicho la kutafuta kosa. Fimbo za Woods zilipingwa kwa njia hiyo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mauzo yasiyo na kabrasha. Mwezi Mei 2024, katika mahakama ya shirikisho ya Chicago, mtu aliyekuwa mfanyakazi wa ghala la Augusta alikiri kusafirisha mali ya wizi: bidhaa za Masters alizozichukua kidogo kidogo tangu mwaka 2009 mpaka 2022, na pamoja nazo vitu vya historia, likiwemo koti alilovishwa Arnold Palmer mwaka 1958 na makoti ya Ben Hogan na Gene Sarazen. Kwa miaka hiyo yote aliwauzia madalali wa Florida, na vitu vikaendelea kuuzwa kwa bei ya juu zaidi bila mnunuzi kuoneshwa njia vilivyopitia. FBI waliyapata tena makoti hayo matatu.