Somo la 14: Lugha ya Mashine za Kiwandani

Leo tutajifunza jinsi mashine za kiwandani zilivyopata lugha ya kupeana habari.

Kwanza, tujue maana ya neno kidhibiti. Kidhibiti ni kompyuta iliyotengenezwa kustahimili vumbi, joto na mtikisiko wa kiwandani. Kazi yake ni kuziamuru mashine: washa mota, funga vali, simama!

Zamani kazi hiyo ilifanywa na makabati yaliyojaa swichi za umeme na waya. Kiwanda cha magari kilipobadili mtindo wa gari, mafundi walilazimika kufungua waya na kuzifunga upya. Mwaka 1968, huko Marekani, idara ya General Motors iliyotengeneza giaboksi ilitaka chombo ambacho maagizo yake yangebadilishwa bila kugusa waya. Kampuni ya Bedford Associates, alimokuwamo mhandisi Dick Morley, ikakitengeneza. Kwa kuwa ilikuwa kazi yao ya 84, wakakiita Modicon 084.

Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ikatoa lugha iitwayo Modbus. Mfano wake ni mwalimu anayeita majina darasani. Kila chombo kina namba yake, kuanzia 1 hadi 247. Muulizaji huita: “Namba 7, tanuru lina joto kiasi gani?” Namba 7 hujibu, wengine hunyamaza. Hakuna anayesema kabla ya kuulizwa. Mwisho wa ujumbe huwekwa tarakimu za kuhakikisha kwamba haukuharibika njiani.

Lugha hiyo yatumika hata leo. Kando ya mashine huwekwa kompyuta ndogo, nayo ndiyo muulizaji. Huuliza kidhibiti tena na tena, huchambua majibu, kisha hupeleka ofisini yale ya maana tu. Hivyo fundi hujua mota inapata joto kabla haijaungua.

Lakini angalieni jambo moja. Mtu akibisha hodi kwako, huuliza, “Nani?” Modbus haikufundishwa kuuliza hivyo. Kidhibiti hutii kila ajuaye kuita namba yake. Wakati ule haikuwa hatari kubwa, kwa sababu waya ziliishia ndani ya kuta za kiwanda. Mwaka 1999 ulitolewa utaratibu wa kupitisha ujumbe huo katika mitandao ya aina ya intaneti. Mlango ukafunguka, na mlinzi hakuwapo.

Vidhibiti havimo viwandani tu. Vimo pia katika mitambo ya kupasha nyumba joto kwenye nchi za baridi. Januari 2024, katika mji wa Lviv, Ukraine, wavamizi waliingia katika mtandao wa mitambo hiyo, wakavipa vidhibiti amri za uongo kwa Modbus. Majengo zaidi ya 600 ya makazi yalikosa joto kwa karibu siku mbili, katikati ya baridi kali.

Basi fundi mwangalifu hawezi kutegemea lugha hiyo peke yake. Huvitenga vidhibiti na intaneti, na huiruhusu ile kompyuta ndogo kusoma habari tu, isitoe amri bila sababu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini General Motors ilitaka chombo kipya mwaka 1968?
2. Modbus inafananaje na kuita majina darasani?
3. Ni swali gani ambalo kidhibiti hakiulizi, na watu wa Lviv walipata hasara gani?