Jeki Kuukuu Usikimbilie Kuiuza Chuma Chakavu

Ndugu mkulima, ile jeki ya lori inayoota kutu stoo, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, ijue asili yake.

Mwaka 1795 fundi Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji. Unasukuma pistoni ndogo, msukumo unapita kwenye maji, pistoni kubwa inasogea kwa nguvu maradufu. Tatizo lilikuwa kuvuja. Anayetajwa kulitatua ni Henry Maudslay, fundi wa karakana yake, kwa ukosi wa ngozi: msukumo ukizidi, nao unazidi kuziba. Mwaka 1851 Richard Dudgeon wa New York akapata hataza ya jeki ya kubebeka.

Kumbe kazi ya kwanza ilikuwa kukandamiza, siyo kuinua magari! Basi jeki yako yaweza kukamua muhogo uliokunwa. Chomelesha fremu imara ya chuma, panga viroba, weka mbao juu, kisha simamisha jeki wima kati ya mbao na boriti ya fremu. Ukiilaza haitapampu vizuri. Maji ya muhogo mchungu yana sumu, yamwage mbali na mifugo.

Ila tatizo la Bramah bado lipo. Ipime: inua mzigo, uache nusu saa. Ikishuka yenyewe, badilisha sili. Ongeza mafuta ya haidroliki tu, maana ya breki huharibu sili. Na chini ya jeki weka bamba la chuma lenye kingo, mafuta yasidondokee chakula.