Marie-Anne Gaboury: Mke aliyekataa kuachwa nyumbani

MARIE-ANNE Gaboury alizaliwa mwaka wa 1780 huko Maskinongé, Quebec, nchini Kanada. Alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa padri wa parokia, na huenda angezeekea huko lau si Jean-Baptiste Lagimodière, mwindaji aliyerejea kutoka magharibi. Walifunga ndoa Aprili 1806.

Desturi ya biashara ya ngozi za manyoya siku hizo ilikuwa mume aende, mke abaki. Wanaume walikaa mbali miaka mingi, na wengi walioa wenyeji, wanawake waliojua kushona viatu vya ngozi, kukausha nyama na kuzungumza na makabila ya huko. Lagimodière mwenyewe alikuwa ameishi na mke mwenyeji eneo la Pembina. Alipotangaza kwamba anarudi, Marie-Anne alishikilia kuandamana naye. Ndiye mwanamke wa kwanza wa asili ya Kizungu anayejulikana kwenda kuishi katika nchi ambayo leo ni magharibi mwa Kanada.

Bintiye wa kwanza, Reine, alizaliwa Pembina Januari 1807. Mwaka uliofuata, Marie-Anne akiwa mjamzito tena, farasi wake aliona kundi la nyati akatimka kulifuata, huku mtoto akiwa kwenye mfuko wa tandiko. Muda mfupi baadaye alijifungua mvulana huko huko nyikani. Mtoto huyo alipewa lakabu ya La Prairie, yaani mbuga.

Hatimaye familia ilihamia makazi ya Red River, karibu na Winnipeg ya leo. Mwishoni mwa 1815 mumewe alitumwa kupeleka barua kwa Lord Selkirk mjini Montreal, safari ya zaidi ya kilomita 2,000 katika theluji. Kabla hajarejea, Juni 1816, uhasama wa kampuni mbili za ngozi ulizua mapigano ya Seven Oaks, ambapo Gavana Robert Semple na wenzake 20 waliuawa. Aliyemhifadhi Marie-Anne na wanawe ni Peguis, chifu wa Wasaulteaux.

Mapadri walipofika mwaka wa 1818 alifanywa mama wa ubatizo wa watoto wengi.

Binti yake Julie ndiye mamake Louis Riel, aliyeongoza serikali ya muda ya Wametis iliyosababisha kuundwa kwa mkoa wa Manitoba mwaka wa 1870. Marie-Anne alifariki Desemba 1875 akiwa na miaka 95. Mjukuu huyo alikuwa uhamishoni.