Sura ya Tatu Ilikotoka

Tasnifu ikiletwa mezani kwangu, naifungua Sura ya Tatu kwanza. Kwenye utangulizi mwanafunzi anaweza kunizungusha kwa maneno matamu, lakini kwenye mbinu za utafiti hana pa kujificha: ulimpima nani, wapi, kwa kifaa gani, na ulifanyaje. Nafundisha saikolojia, na kila mwaka wanafunzi huniuliza nani aliyetutwisha sura hii kavu. Wasichojua ni kwamba mwanzoni haikuwa kavu hata kidogo.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha utafiti wake juu ya kumbukumbu, na aliyepimwa alikuwa mtu mmoja tu, yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana zipatazo 2,300, akazipanga safu safu, akazisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka, akifuata mlio wa saa uliogonga mara 150 kwa dakika. Akishaikariri safu moja anatulia sekunde 15, kisha anaingia nyingine. Ameeleza hata vipindi vya kazi: kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, au kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, kwa sababu kichwa cha asubuhi hakikariri sawa na cha jioni. Ukiyasoma maelezo hayo leo unaweza kukaa ukayafanya mwenyewe, silabi kwa silabi. Sina kipimo kingine cha Sura ya Tatu nzuri.

Huko Leipzig, ambako Wilhelm Wundt alifungua maabara mwaka 1879, mambo yalikuwa karibu hayo hayo. James McKeen Cattell kutoka Marekani na mwenzake Berger walipima kasi ya akili kwa kronoskopu, saa iliyosoma sehemu ya elfu moja ya sekunde. Mmoja anakaa kwenye kiti, mwingine anaendesha mtambo, halafu wanabadilishana. Matokeo yakachapishwa chini ya herufi B na C. Nani aulize washiriki walipatikanaje? Walikuwa ndio hao hao watafiti. Wundt naye alikaa kupimwa na wanafunzi wake, profesa mzima.

Sura tunayoijua sisi ilianza pale mpimaji alipoinuka kwenye kile kiti akamkalisha mtu asiye na kauli katika uandishi. Vipimo vilipohamia shuleni, jeshini na kwenye madarasa ya vyuo vya Marekani, majina yalitoka zikaingia idadi. Kufikia 1946 Quinn McNemar alikuwa akilalamika kwamba sayansi ya tabia ya binadamu kwa sehemu kubwa ni sayansi ya wanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo.

Halafu kuna yule farasi. Hans wa Berlin, mali ya mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten, alijibu hesabu kwa kugonga kwato, na watu wenye heshima zao walikagua wasione ujanja wowote. Oskar Pfungst, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1907, alimweka muulizaji asiyejua jibu, Hans akashindwa. Akamzuia Hans asimwone muulizaji, akashindwa tena. Kumbe alikuwa anausoma mwili wa mtu: kichwa kikiinuka kidogo tu, anaacha kugonga. Kuanzia hapo muulizaji naye ni sehemu ya kifaa, sharti aelezwe.

Kanuni rasmi zilikuja taratibu. Mwaka 1929 jarida la Psychological Bulletin lilitoa maelekezo ya kurasa 7 kwa waandishi. Mwaka 1944 yalifika kurasa 32, na mwaka 1952 yakawa mwongozo kamili wa Chama cha Saikolojia cha Marekani. Toleo la 2019 lina kurasa zaidi ya 400, na si zote zimeongeza akili.

Ndani ya kanuni hizo bado mtu angeweza kuandika vizuri. Chukua makala ya Stanley Milgram ya 1963 kuhusu utii, ambamo mshiriki aliamriwa kumpiga mwenzake umeme, asijue kwamba ni wa kuigiza. Wanaume 40, wenye umri wa miaka 20 hadi 50, kutoka New Haven na jirani zake. Kila mmoja alilipwa dola 4.50. Mtambo una swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450. Msimamizi wa jaribio ni mwalimu wa baiolojia wa miaka 31, amevaa koti la kijivu la fundi. Wengi wanabishana kama alichofanya Milgram kilikuwa haki, nami nina yangu ya kusema, lakini lile koti nalikumbuka kwa sababu aliliandika.

Karibu zaidi na kwetu, Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda mwaka 1954 na 1955, akitazama watoto wachanga na mama zao, akiwa na mkalimani. Kitabu chake cha 1967 kinakupeleka nyumba kwa nyumba, mtoto kwa mtoto. Mimi huletewa sentensi moja: "Dodoso lilitumika kukusanya data." Dodoso limetungwa kwa Kiingereza, msaidizi ameliuliza kwa Kiswahili barazani, mzee amejibu kwa Kigogo huku mjukuu akitafsiri, na kati ya hayo yote sura haina hata neno.

Huwapa wanafunzi wangu wasome makala ya Robert Serpell ya 1979. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, Waingereza waliwazidi. Kwa waya, ambao watoto wa Lusaka huchezea kwa kutengeneza magari, Wazambia waliwazidi. Kwa udongo wa mfinyanzi walilingana. Angeandika tu kwamba "kipimo cha kunakili kilitumika", akaishia kwenye penseli, tungesoma mpaka leo kwamba watoto wa Lusaka ni wazito wa kuona maumbo. Wakishaisoma, nawarudishia rasimu waandike dodoso liliulizwa kwa lugha gani, na nani alikuwa amekaa karibu.