Kalamu nyekundu: toka bahasha hadi wingu

Wadau, leo tuongelee kitu ambacho wote tumekipitia: kalamu nyekundu ya mwalimu.

Siku hizi mwanafunzi wa chuo anaandika insha kwenye Google Docs, anampa mhadhiri ruhusa ya kuingia, na hata kabla hajamaliza anaona maoni pembeni ya aya yake. Wengi tunadhani mambo haya yameanza na intaneti. Hapana. Kumsahihisha mwanafunzi aliye mbali ni wazo la zamani, na Tanzania tuna sehemu yetu katika historia hiyo.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1840 Uingereza ilishusha gharama ya kutuma barua hadi peni moja. Bwana mmoja, Isaac Pitman, akaona mwanya. Akaanza kufundisha hati mkato kwa posta. Mwanafunzi anafanya zoezi, analituma, linarudi limesahihishwa. Kumbuka neno hilo: linarudi.

Huku Mbozi, Wamoravian walianza kazi yao karne ya 20 ilipokuwa inaingia. Shule nyingi za misheni enzi hizo zilitumia vibao vya kuandikia. Kibao kina tabia moja: ukifuta, kosa linaondoka pamoja na sahihisho lake. Daftari ndilo lililoleta kumbukumbu.

Halafu kuna mtihani. Enzi za mkoloni, na hata miaka ya mwanzo ya Uhuru, karatasi za majibu za mtihani wa Cambridge zilivuka bahari kwenda kusahihishwa Uingereza. Kilichorudi ni daraja tu. Mwaka 1971 Tanzania ikajitoa kwenye Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na 1973 ikaundwa NECTA. Mtihani ukawa wetu. Lakini hata leo mtahiniwa anapata herufi. Hajui ni jibu lipi lililomwangusha.

Tofauti ilionekana kwenye Elimu ya Msingi kwa Wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Walimu watatoka wapi? Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka kufundisha vijijini huku wao wenyewe wakisoma: masomo kwa posta, vipindi vya redio, na usimamizi wa karibu kwenye kata zao. Watu wamewacheka sana walimu wale. Mimi naona walikuwa sehemu ya jaribio kubwa la elimu ya masafa hapa nchini. Redio ilifundisha, lakini redio haisahihishi. Kazi hiyo ilihitaji bahasha, au mtu wa kukaa naye na kumwonyesha alipokosea.

Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria, na 1994 kikaanza kupokea wanafunzi. Mtu akiwa kazini mkoani akaweza kusomea shahada bila kuhamia Dar. Naye pia alitegemea karatasi iende na irudi.

Sasa tuje kwenye wingu. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya Marekani, Upstartle, ilitoa programu iitwayo Writely: watu kadhaa wanaandika waraka mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye kompyuta yake. Machi 2006 Google wakainunua, na ndiyo iliyozaa Google Docs. Mwaka 2014 ikaja namna ya kupendekeza sahihisho bila kufuta maneno ya mwandishi, na mwaka huohuo ikaja Google Classroom. Kwetu mambo haya yalihitaji kwanza intaneti inayoeleweka, na hatua kubwa ilikuwa kebo ya SEACOM iliyoanza kazi 2009. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti, ghali na ya kusuasua.

Mwaka 2020 tukapimwa. Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na vyuo na kidato cha sita wakarudi Juni 1. Katikati hapo masomo yalirushwa kwenye redio na televisheni. Yaani tulirudi miaka ya 1970, ila safari hii mtoto wengi hawakuwa na bahasha ya kurudisha zoezi.

Njooni Igamba, hapa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya 2016. Tuseme mwalimu wa Kiswahili ana wanafunzi 80. Kila insha aisome kwa dakika 10. Hizo ni dakika 800, zaidi ya saa 13, kwa zoezi moja tu. Wingu litampunguzia nini? Litafuta safari ya karatasi. Halitamwongezea macho. Tena shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, kwa hiyo waraka wa mtandaoni unaishia kwa mwalimu.

Basi uanzie hapo hapo kwa mwalimu. Walimu wa kata nzima wanaweza kuwa na waraka mmoja wa makosa yanayojirudia, kila mmoja akiongeza aliyokutana nayo darasani kwake. Kesho yake yanaandikwa ubaoni, na wanafunzi wanabadilishana madaftari na kusahihishana. Hiyo inahitaji simu moja yenye bando na chaki.

Tatizo letu tangu zamani ni kuhesabu vinavyokwenda: vitabu vilivyopelekwa, vipindi vilivyorushwa, kompyuta zilizozinduliwa na mgeni rasmi. Siku nyingine mgeni rasmi akikata utepe, sisi waandishi tumuulize swali moja: mwanafunzi akikosea leo, sahihisho litamfikia baada ya siku ngapi?

Mnasemaje wadau?